Taa Inawaka, Lakini Je, Inatibu?



Mzazi anayeingia wodi ya watoto wachanga kwa mara ya kwanza hushtuka kumkuta mwanawe amelazwa chini ya taa ya buluu, amefunikwa macho kwa kitambaa, na mwilini hana nguo ila nepi. Swali la kwanza huwa ni hili: "Sista, taa hii inamfanyia nini mwanangu?" Swali la pili huulizwa na wachache, nalo ndilo gumu zaidi: "Mnajuaje kwamba ina nguvu ya kutosha?"

Mwezi huu tunapenda kuyajibu yote mawili, hasa hilo la pili. Taa hubadilika. Leo ina nguvu hii, baada ya mwezi ina nguvu nyingine, na hata ndani ya saa moja haikai vilevile. Kipimo nacho hubadilika. Basi, tunawezaje kupima kwa uhakika kitu kisichotulia, tena kwa chombo ambacho nacho kinahitaji kupimwa?

MANJANO YA MTOTO MCHANGA

Kwanza tusichanganye majina. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Hapa tunazungumzia manjano ya mtoto mchanga, yaani ngozi na macho ya mtoto kugeuka rangi ya njano katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa.

Chembe nyekundu za damu zinapozeeka huvunjika, na katika kuvunjika kwake hutoka rangi ya njano iitwayo bilirubini. Kwa mtu mzima, ini huishughulikia rangi hiyo na kuitoa nje pamoja na choo. Ini la mtoto mchanga bado halijakomaa, kwa hiyo rangi hujikusanya mwilini. Zaidi ya nusu ya watoto wote hupata manjano kidogo katika juma la kwanza, na wengi wao hupona bila dawa yoyote.

Hatari ipo kwa wale wachache ambao bilirubini yao hupanda mno. Ikizidi kiasi, huingia ubongoni na kuharibu sehemu zinazoongoza kusikia na kujongea. Mtoto anaweza kufa, au akapona lakini akabaki kiziwi, au na mtindio wa ubongo maisha yake yote. Walio katika hatari zaidi ni watoto njiti, watoto ambao damu yao haipatani na ya mama, wenye maambukizi, na wale waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao upo kwa wingi katika nchi zetu zenye malaria. Kwa watoto hao wenye upungufu, hata vidonge vya nafthalini vinavyowekwa kwenye nguo kufukuza wadudu vinaweza kuvunja damu ghafla. Tafadhali, nguo za mtoto mchanga zisihifadhiwe na vidonge hivyo.

MWANGA UNAVYOTIBU

Tiba hii ilianza kwa macho ya muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, mkoa wa Essex nchini Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti nje uani wapate hewa safi na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano yake yalikuwa yamepauka, isipokuwa mahali palipofunikwa na pembe ya shuka. Hapo ngozi ilibaki ya njano kabisa. Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano ilisahauliwa dirishani penye jua, na ilipopimwa, bilirubini ilikutwa imeshuka sana. Daktari Richard Cremer na wenzake walifuatilia jambo hilo, wakajaribu taa za buluu, na mwaka 1958 wakaandika matokeo yao katika jarida la The Lancet.

Ndiyo maana hata leo, tukimtoa mtoto damu ya kupima manjano, tunakifunika kichupa kisipigwe na mwanga. Kikipigwa na mwanga, majibu yatatudanganya.

Mwanga wa buluu hufanya kazi hivi. Unapopenya kwenye ngozi huigeuza bilirubini iwe katika umbo linaloyeyuka kwenye maji, na hivyo mwili huweza kuitoa kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini likomae. Si kila mwanga unaofaa. Bilirubini hunasa zaidi mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 460 hivi. Mwanga mwekundu hauisaidii, na ule mwanga usioonekana unaounguza ngozi hautakiwi kabisa.

Lakini mwanga ni dawa, na dawa ina kipimo chake. Mtoto akipewa nusu ya dozi ya sindano, hatushangai asipopona. Vivyo hivyo kwa mwanga. Chuo cha Marekani cha Madaktari wa Watoto, katika mwongozo wake wa mwaka 2004 na tena ule wa 2022, kimetaja kwamba tiba ya mwanga yenye nguvu inatakiwa ifikie mikrowati 30 au zaidi kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Jina la kizio hicho ni refu, nasi wodini hutamka tu "thelathini". Ikumbukwe namba hiyo, kwa kuwa tutaitumia hapa chini.

TAA HUCHOKA POLEPOLE

Wodi nyingi bado zinatumia taa ndefu za mrija, zile tunazoziita tyubu. Ndani ya kioo chake kuna unga mweupe ambao ndio unaotoa mwanga. Unga huo huchakaa kadiri taa inavyotumika. Watengenezaji wengi huagiza tyubu za tiba zibadilishwe baada ya saa 1,000 hadi 2,000. Tukipiga hesabu, saa 1,000 ni siku 42 tu za kuwaka usiku na mchana. Taa za LED huchakaa polepole zaidi, lakini nazo hupungua, hasa zikipata joto au vumbi likijaa.

Zaidi ya uchakavu huo, kuna mabadiliko ya kila siku. Tyubu ikiwashwa tu haijafikia nguvu yake, nayo huhitaji dakika kadhaa ili itulie. LED kwa kawaida hupungua kidogo inapopata joto. Umeme ukishuka volti, au tukihamia kwenye jenereta, taa nyingi hufifia. Vumbi juu ya kioo hupunguza mwanga, na taa ikiinuliwa juu zaidi mwanga unaomfikia mtoto hupungua.

Mtu atasema: "Si tutaona kwa macho kwamba taa imefifia?" Hapana, hatutaona. Jicho hujirekebisha lenyewe kulingana na mwanga, ndiyo maana tukitoka juani na kuingia nyumbani hatuoni kitu mwanzoni, kisha tunazoea. Jambo linalobadilika polepole ndilo linalotupita kabisa. Mama anayekaa na mtoto kila siku haoni anavyorefuka, bali shangazi aliyerudi kutoka safari ndiye anayeshangaa. Taa iliyopoteza theluthi moja ya nguvu zake bado inaonekana ya buluu, na bado inaumiza macho ukiitazama. Inawaka, lakini tiba yake ni pungufu, na wakati huo bilirubini ya mtoto haingoji.

KIPIMA MWANGA

Kwa sababu hiyo tunatumia kipima mwanga. Ni chombo kidogo chenye jicho la kunasa mwanga na kioo cha kuonyesha namba. Jicho huwekwa pale alipo mtoto, likielekezwa kwenye taa.

Hapa yafaa tahadhari moja. Vipo vipima mwanga vya mafundi umeme na vya wapiga picha, na siku hizi hata simu za mkononi zina programu za kupima mwanga. Hivyo vyote vimetengenezwa kupima mwanga kama jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu huona vizuri zaidi rangi ya kijani kuliko buluu. Taa nyeupe ya sebuleni inaweza kupata namba kubwa kwenye kipimo cha namna hiyo, kumbe buluu yake inayotibu ni kidogo. Ni kama kupima uzito wa mtoto kwa futi. Kwa tiba ya manjano hutakiwa kipimo kilichotengenezwa kwa mwanga wa buluu, tena kinachokubaliana na aina ya taa iliyopo. Vipimo viwili vya kampuni tofauti vinaweza kutoa namba tofauti chini ya taa ileile, kwa kuwa kila kimoja hunasa sehemu yake ya buluu. Ndiyo sababu tunafuata kipimo kilichoagizwa na mtengenezaji wa taa.

ZAMANI WALIPIMAJE?

Shida ya taa isiyotulia ni ya zamani. Mwaka 1860 sheria ya Uingereza juu ya gesi ya kuwashia taa za London iliweka mshumaa kuwa kipimo cha mwanga. Ulikuwa mshumaa wa mafuta ya nyangumi, na ulitakiwa uungue gramu 7.8 hivi kwa saa. Lakini ni nani asiyejua mwali wa mshumaa? Upepo ukipita unayumba, utambi ukirefuka unaongezeka. Basi, wapimaji walikuwa wakiupima mshumaa uzito wakati unawaka, waone umeungua kiasi gani. Ukiungua zaidi au pungufu ya ilivyotakiwa, walisahihisha hesabu yao kwa kiasi hicho. Hawakudai kwamba mshumaa haubadiliki. Waliyapima mabadiliko yake na kuyaingiza kwenye hesabu.

Tangu 1979 kizio cha mwanga kiitwacho kandela kimefafanuliwa kwa kanuni za fizikia, na maabara kuu za vipimo duniani hukitunza kwa vyombo maalumu. Lakini akili ya wale wapimaji wa mishumaa ndiyo hiyohiyo tunayoitumia hadi leo.

Familia inaweza kujaribu jambo hili nyumbani usiku, mtu mzima akiwapo. Chukueni karatasi nyeupe, mdondoshee tone la mafuta ya kupikia katikati, kisha mfute. Isimamisheni karatasi wima katikati ya meza, mbali na kitu kinachoweza kushika moto. Wekeni mshumaa mmoja upande huu na mwingine wa aina ileile upande wa pili. Upande mmoja ukiwa na mwanga zaidi, alama ya mafuta itaonekana wazi. Sogezeni mshumaa mmoja polepole hadi alama karibu ipotee. Hapo mwanga wa pande zote mbili umelingana. Njia hii ilibuniwa na mwanasayansi Mjerumani Robert Bunsen katika miaka ya 1840.

Sasa acheni mshumaa mmoja sentimita 30 kutoka kwenye karatasi, na upande wa pili wekeni mishumaa minne pamoja. Mtaona inalingana ikiwa sentimita 60 hivi. Umbali ukiwa maradufu, mwanga hubaki robo tu. Kwa tyubu ndefu iliyo karibu na mtoto upungufu hauwi mkali kiasi hicho, lakini upo. Ndiyo maana tunawasihi wazazi wasiiinue taa wala kuisogeza pembeni.

NDOO INAYOVUJA

Turudi sasa kwenye kipima mwanga chetu. Kama mizani za sokoni zinavyokaguliwa na watu wa vipimo, kipima mwanga nacho hutakiwa kuhakikiwa. Jicho lake huchakaa, kichujio chake cha rangi hufifia, betri hudhoofika. Njia ya kukihakiki ni kukilinganisha na kipimo cha mfano, yaani kipimo kinachotunzwa vizuri, kisichotumika kila siku, ambacho chenyewe kimehakikiwa na maabara ya vipimo.

Ni rahisi kusema: weka kipimo cha mfano chini ya taa, soma namba, kiondoe, weka kipimo cha wodi mahali palepale, soma namba, kisha linganisha. Lakini tufikiri kidogo. Ikiwa taa imebadilika katika zile dakika za katikati, tutakilaumu kipimo kwa kosa la taa.

Mfano wake ni huu. Una mizani mbili na unataka kujua kama zinakubaliana, lakini kitu pekee ulicho nacho cha kupima ni ndoo ya maji inayovuja. Ukiipima kwenye mizani ya kwanza, halafu ukaihamishia kwenye ya pili, ya pili itaonyesha pungufu hata kama ni nzima, kwa kuwa maji yamemwagika njiani. Ufanyeje? Ipime kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili, kisha irudishe tena kwenye ya kwanza, ukiacha muda uleule kati ya kupima na kupima. Mizani ya kwanza imepima kabla na baada. Wastani wa namba zake mbili ndio uzito wa ndoo wakati ilipokuwa kwenye mizani ya pili.

Kwa taa tunafanya hivyohivyo. Tuchukue namba za mfano zinazorahisisha hesabu. Kipimo cha mfano kinaonyesha 32. Baada ya dakika mbili kipimo cha wodi kinaonyesha 24. Baada ya dakika mbili nyingine kipimo cha mfano kinaonyesha 28. Ni wazi kwamba taa imeshuka. Wastani wa 32 na 28 ni 30. Basi, kipimo cha wodi kiliposema 24, ukweli ulikuwa 30. Tunagawanya 30 kwa 24, tunapata 1.25. Kuanzia leo, kila namba ya kipimo cha wodi itazidishwa kwa 1.25, au kipimo kirekebishwe na fundi.

Je, tungeishia kwenye namba ya kwanza tu? Tungegawanya 32 kwa 24 na kupata 1.33. Tofauti inaonekana ndogo, lakini itazameni kitandani kwa mtoto. Siku kipimo cha wodi kitakapoonyesha 22.5, tungezidisha kwa 1.33 na kusema: "Thelathini! Taa inafaa." Kumbe nguvu yake ya kweli ni 22.5 mara 1.25, yaani 28 na kidogo. Taa pungufu imepasishwa, na mtoto amelazwa chini yake. Tunafanya mzunguko huo mara tatu, wala hatutosheki na mara moja. Na taa ikiwa inashuka haraka kama katika mfano huu, afadhali kusubiri hadi itulie ndipo tuanze upya.

Ipo njia ya pili, nayo ni ya kuweka jicho mlinzi. Kipimo cha tatu hufungwa mahali pamoja kando ya taa, na hakiguswi wala kusogezwa. Kazi yake si kutuambia nguvu kamili ya taa, bali kutuambia kama taa imepanda au imeshuka. Tuseme kipimo cha mfano kilipoonyesha 32, mlinzi alionyesha 80. Kipimo cha wodi kilipoonyesha 24, mlinzi alionyesha 75. Taa basi imeshuka kutoka 80 hadi 75. Tunazidisha 32 kwa 75 na kugawanya kwa 80, tunapata 30. Jibu ni lilelile. Uzuri wa njia hii ni kwamba mlinzi haachi kutazama, hata taa ikiyumba ovyo pasipo utaratibu.

KOSA NI LA TAA AU LA KIPIMO?

Jambo jingine hutokea mara kwa mara. Mwezi uliopita taa ilisoma 36, mwezi huu inasoma 29. Nani amebadilika?

Kwa hili husaidia kuwa na taa ya ukaguzi. Ni taa ndogo ya buluu inayofungiwa kabatini, haitibu mtoto yeyote, na huwashwa dakika chache tu kila mwezi. Kwa kuwa haitumiki, haichakai kwa haraka. Siku ya ukaguzi tunapima taa zote mbili kwa kipimo kilekile, katika umeme ulio sawa. Taa ya ukaguzi ikisoma kama kawaida na taa ya wodi ikisoma pungufu, ni taa ya wodi iliyochoka, ibadilishwe. Zote mbili zikipungua kwa kiasi kimoja, tunaushuku umeme au kipimo. Tunaukagua umeme kwanza, na ukiwa mzima, kipimo kinapelekwa kuhakikiwa.

UTARATIBU WA KUPIMA

Kwa kifupi, hii ndiyo kanuni ya kazi yetu:

1. Taa iwashwe na kuachwa itulie kabla ya kupimwa, kama maelekezo yake yanavyosema. Kioo kiwe kimefutwa vumbi.

2. Jicho la kipimo lifunikwe kwanza lisipate mwanga hata kidogo. Namba iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, kipimo kirekebishwe kabla ya kuendelea.

3. Jicho liwekwe pale alipo mtoto, kwa umbali uleule kila siku. Tupime usawa wa kichwa, kitovu na magoti, kwa kuwa pembezoni mwanga huwa pungufu kuliko katikati.

4. Namba iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, saa ambazo taa imekwisha kuwaka, na kama ni umeme wa kawaida au jenereta. Namba moja peke yake haisemi mengi. Ni namba za miezi zikipangwa mstari ndizo zinazoonyesha taa inaelekea wapi.

5. Tyubu zikichoka zibadilishwe zote kwa pamoja, kisha taa ipimwe upya.

6. Kipimo chenyewe kipelekwe kuhakikiwa kwa wakati uliowekwa na mtengenezaji, hata kama kinaonekana kizima.

VIPI KUHUSU JUA?

Wengi huuliza: "Kama ilianzia juani, kwa nini tusimwanike mtoto asubuhi nyumbani?" Jua lina buluu nyingi, ni kweli. Lakini lina pia mwanga unaounguza ngozi na joto linalokausha maji mwilini, na ndilo taa isiyotulia kuliko zote, maana wingu moja likipita dozi imebadilika. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanyika Nigeria, ambapo watoto walitibiwa kwa jua lililochujwa kwa karatasi maalumu za plastiki zinazozuia mwanga unaounguza na kupunguza joto. Matokeo hayakuwa duni kuliko ya taa za kawaida kwa watoto ambao manjano yao hayakuwa makali sana. Lakini yafaa kuzingatia kwamba mwanga ulipimwa mara kwa mara, joto la watoto lilipimwa, na wauguzi walikuwapo muda wote. Kumwanika mtoto uani bila chujio, bila kipimo na bila kujua bilirubini yake ni kiasi gani, ni jambo jingine. Saa zinazopotea hapo ndizo saa ambazo ubongo unaumia.

WAZAZI WAFANYE NINI?

Mtazameni mtoto kila siku katika juma la kwanza, mchana, karibu na mlango au dirisha. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, angalieni weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Mleteni hospitali bila kuchelewa ikiwa manjano yameonekana katika saa 24 za kwanza, yamefika kwenye viganja au nyayo, au mtoto hanyonyi, amelegea, analala mno, analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, anajipinda mgongo, ana homa au degedege. Manjano yakizidi siku 14, au choo kikiwa cheupe, mleteni pia, kwa kuwa huenda ni shida ya ini.

Mtoto akiwa chini ya taa, msimfunike khanga kwa kuhofia baridi. Kumbukeni ile pembe ya shuka ya mwaka 1956: palipofunikwa hapakupona. Mkiona mtoto ana baridi, mwiteni muuguzi. Kitambaa cha macho kisiondolewe anapokuwa chini ya taa. Anyonyeshwe mara 8 hadi 12 kwa siku, kwani bilirubini hutoka kwa choo na mkojo. Akimaliza kunyonya arudishwe mara moja chini ya taa.

Tena msione haya kuuliza: "Sista, taa hii imepimwa lini?" Swali hilo si dharau kwa muuguzi. Anayepima hufurahi kulijibu, na daftari lake lipo.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

1. Kwa nini macho yetu hayawezi kutambua kwamba taa imepungua nguvu?

2. Kipimo cha mfano kimesoma 40, kipimo cha wodi 30, kisha kipimo cha mfano tena 35. Kipimo cha wodi kizidishwe kwa ngapi?

3. Taa ya wodi na taa ya ukaguzi zote zimesoma pungufu kwa kiasi kilekile. Tuanze kukagua nini?

4. Taja dalili tano za hatari za manjano kwa mtoto mchanga.

Jibu la swali la pili: wastani wa 40 na 35 ni 37.5, ukigawanya kwa 30 unapata 1.25. Majibu ya maswali mengine yamo katika somo. Yasomwe nyumbani na baba pia, kwa maana mara nyingi baba ndiye anayeamua safari ya hospitali ianze leo au kesho, na kwa manjano makali kesho huwa ni kuchelewa.